Ghorofa ya Saba

Lifti imekufa tena.
Karatasi mlangoni inasema "Samahani kwa usumbufu",
imebandikwa tangu Novemba, kingo zimejikunja kama jani la tumbaku,
na mtu ameongeza kwa kalamu ya risasi: "Usumbufu wa nani?"
Mwandiko naujua. Ni wa Zenobiusz wa ghorofa ya kwanza,
ambaye lifti hata haihitaji.

Nina kilo nne za viazi, kabichi, siagi.
Siagi! Dukani niliishika kama mtu ashikaye barua ya mahakama,
nikairudisha, nikaichukua, nikairudisha,
kijana wa kaunta akaangalia pembeni kwa aibu yangu.
Asubuhi redioni waziri kasema uchumi wa Poland unapumua.
Mimi pia napumua, mheshimiwa. Njoo ngazini unisikilize.

Ghorofa ya kwanza, kwa pua.
Ya pili, kwa mdomo.

Kornel, mjukuu wangu, ndiye aliyenifundisha kulalamika kwa simu.
Sauti ya mwanamke asiyekuwepo ikaniambia
mimi ni wa kumi na saba kwenye foleni,
na kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao,
kisha fidla zikaanza. Nikapika supu. Nikaiepua. Nikainywa.
Nilipofikia wa tatu, simu ikakatika.
"Bibi, siku hizi kuna mashine inakuandikia barua yenyewe,"
na kweli ikaandika: barua safi, ya adabu, haina hata tusi moja.
Sikuituma. Adabu hiyo mimi sina.

Ghorofa ya tatu naweka mfuko chini.
Kiazi kimoja kinatoroka, kinashuka ngazi kwa ngazi, du, du, du.
Kiende. Heri yake, kwake ni mteremko.

Jumapili walinipeleka kwenye maonyesho ya sanaa,
kiwandani pale pale nilipofuma pamba miaka ishirini na sita.
Łódź nzima ilikuwa ikiamka kwa king'ora chake;
sasa ni maduka, wanauza kahawa kwa bei ya shati.
Ukumbini, chini ya taa ya buluu, nikamkuta:
mtambo wangu, namba arobaini na moja,
kazungushiwa kamba nyekundu kama bibi harusi mgonjwa.
Spika zilitoa kelele za kiwanda, lakini kwa upole,
ili watu waweze kuzungumza.
Upole! Kelele ile ilimla Genowefa sikio la kushoto.
Nikanyoosha mkono penye nyuzi, kwenye fundo lililofungwa kijinga,
mlinzi akaja mbio: "Mama, kazi za sanaa haziguswi."
Nikamwambia hii haina sanaa, hii ni kazi tu.
Akacheka kwa heshima. Gazetini wameandika
kwamba maonyesho yanawapa wafumaji sauti.
Sauti ninayo. Nilitaka kufungua fundo.

Ghorofa ya tano mlango wa Roksana uko wazi,
mtoto begani, televisheni inamwongelesha ukuta:
wamegundua maji kwenye sayari ya mbali.
"Umesikia?" namuuliza.
"Nimesikia. Sisi ya moto yamekatika tangu Alhamisi.
Una viazi viwili? Ijumaa nitakurudishia."
Nampa vitano, ninafoka kwamba ni vizito.

Ya sita. Nimeegemea ukuta, moyo unagonga kama mdai,
mara nyuma yangu kamba zinaguguma, kengele inalia, ting,
milango inafunguka yenyewe.
Ndani mwanga. Sakafu kavu. Kioo kimefutwa,
na kiooni kikongwe, kofia upande, kabichi kwapani.
Lifti inasubiri, imeachama,
kama mgeni aliyefika harusini vyombo vikioshwa.

Tusi ambalo mashine ya Kornel haikuliweza
likanitoka lote, taratibu, bila kosa la tahajia.

Kisha nikapanda kwa miguu.
Ngazi kumi na nane.
Nilizihesabu kwa sauti, ili inisikie.